Kwa nini timu ngeni huhangaika uwanjani? Panya wana jibu

BASI la timu ngeni likishafika uwanjani, kitu cha kwanza wachezaji wanachofanya si kuvaa jezi. Wanashuka na kwenda moja kwa moja kwenye nyasi. Beki anakanyaga kupima ugumu wa ardhi, winga anatembea pembeni mpaka kwenye kibendera cha kona, kipa anasimama golini akihesabu hatua kuelekea mwisho wa boksi.

Shabiki jukwaani anadhani jamaa wanatafuta picha za kuweka Instagram tu. Kumbe kuna kazi nzito inaendelea vichwani mwao: ubongo unachora ramani.

Sehemu inayobeba kazi hiyo inaitwa hipokampasi. Ziko mbili, moja kila upande, ndani ya kichwa karibu na usawa wa masikio. Zimejikunja mfano wa farasi wa baharini, na jina lake limetoka huko.

PANYA WA LONDON

Mwaka 1971, John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky wa University College London walitoa matokeo ya kazi yao ya kusikiliza seli za hipokampasi ya panya anayetembea. Waliona seli moja inawaka panya akifika sehemu fulani tu. Akisogea, inazima na nyingine inapokea. Zikaitwa seli za mahali.

Mwaka 2005, huko Trondheim, Norway, May-Britt Moser, Edvard Moser na wenzao wakatangaza seli nyingine zilizo jirani na hipokampasi. Hizi zinawaka kwenye vituo vingi vilivyoachana kwa umbali sawa, kama mtu anayepima shamba kwa hatua. Ni seli za gridi. Mwaka 2014, O'Keefe na kina Moser wakagawana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Vipi kuhusu binadamu? Mwaka 2003, watafiti waliwarekodi wagonjwa wa kifafa waliokuwa tayari wamewekewa nyaya kwenye ubongo kwa ajili ya matibabu. Walipocheza gemu la kuendesha teksi mjini, seli za mahali zikaonekana kwao pia.

UWANJA MPYA, RAMANI MPYA

Utamu unaanza panya anapohamishiwa chumba asichokijua. Ramani ya zamani haitumiki. Seli zinajipanga upya: mbili zilizokuwa zinawaka sehemu moja sasa zinaweza kuwa mbalimbali, nyingine zinanyamaza kabisa. Ndani ya dakika chache ramani mpya inaanza kutulia. Akirudishwa chumba cha kwanza, ile ya zamani inarudi.

Mwaka 1996, O'Keefe na Neil Burgess walienda mbele zaidi. Walisogeza kuta za boksi la panya, likawa refu au pana. Eneo la baadhi ya seli likavutika pamoja na kuta. Maana yake, ubongo unapima mahali ulipo kwa kuangalia mipaka.

Hapo mpira unaingia. Sheria za soka zinaruhusu uwanja wenye urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Kwa mechi za kimataifa ni mita 100 hadi 110 kwa 64 hadi 75. Arsenal walipohama Highbury kwenda Emirates mwaka 2006, urefu wa uwanja uliongezeka kutoka takriban mita 100 hadi 105. Kwa winga aliyezoea kumwaga krosi bila kuinua kichwa, mita tano si mchezo.

MWENYEJI ANAPOKUWA MGENI

Mwaka 2002, mtafiti Richard Pollard alichapisha hesabu za timu 37 za besiboli, kikapu na hoki ya barafu za Marekani Kaskazini zilizohamia viwanja vipya. Wengi wao hawakutoka hata mjini kwao. Lakini katika msimu wa kwanza, takriban asilimia 24 ya faida ya kucheza nyumbani ilipotea.

Mashabiki wa Simba na Yanga wanalijua hilo kwa macho. Misimu ya karibuni, ukarabati wa Benjamin Mkapa umezifanya timu hizo zihamishie mechi za nyumbani kwenye viwanja kama Azam Complex na KMC Complex.

Ila tusivuke mpaka. Pollard alihesabu matokeo, hakupima ubongo wa mtu. Kelele za mashabiki, safari na waamuzi navyo vina mchango wake. Na hakuna aliyewahi kumwekea straika nyaya kichwani katikati ya mechi. Panya wanatoa sababu inayoingia akilini, hawajamaliza ubishi.

USINGIZI NAO NI MAZOEZI

Mwaka 1994, Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba seli za mahali zilizowaka pamoja panya akizunguka zilirudia kuwaka pamoja alipolala baadaye. Wanasayansi wengi wanaamini marudio hayo ndiyo yanayosaidia kumbukumbu kushika.

Sasa linganisha timu mbili. Ya kwanza inafika mapema, inafanya mazoezi jioni kwenye uwanja wa mechi, halafu inalala. Ya pili imekesha barabarani, inafika asubuhi, mchana inaingia dimbani. Ya kwanza imechora ramani na kuilalia. Ya pili inaanza kuchora refa akishapuliza filimbi, huku mwenyeji akiwa na ramani yake ya miaka.

Klabu ndogo haziwezi kujenga viwanja wala kununua mastaa. Lakini kufika siku moja kabla, kutembea uwanja mzima na kulala vya kutosha ni gharama ya chakula na vitanda vya usiku mmoja. Kwa timu inayopigania kutoshuka daraja, pointi moja ya ugenini inaweza kulipa hela hiyo.