Jicho Zima na Mwendo wa Gari

Siku moja huko Uyole, Mbeya, pale barabara ya Tukuyu ikutanapo na barabara kuu iendayo Zambia, nalimwona jirani yangu, mama aliyepita miaka 70, akishuka njiani na bodaboda imekwisha karibia. Mwendeshaji alikwepa, akatukana, akaenda zake. Mwanawe naye, badala ya kumpa pole, akamkemea: "Mama, huoni?" Akajibu kwa upole: "Naliiona, mwanangu. Nalidhani i mbali."

Naye alisema kweli. Mtoto wa jicho alikwisha tolewa, na msahafu ausoma bila taabu. Lakini kuona kitu ni jambo moja, na kuona mwendo wake ni jambo jingine. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeishi yapata miaka 1,000 iliyopita, aliuhesabu mwendo peke yake miongoni mwa mambo yatambuliwayo na macho katika Kitab al-Manazir. Na mwaka 1983 wataalamu wa Ujerumani walieleza habari za mwanamke aliyeumia ubongo. Vitu aliviona, na rangi pia. Ila chai ikimiminwa aliiona imeganda kama barafu, na gari lililokuwa mbali mara likawa mbele yake.

Mzee hafiki huko, lakini kipimo chake cha mwendo hupungua. Gari lijalo moja kwa moja halisogei kando. Hukua tu machoni, na likiwa mbali hukua kidogo mno. Hivyo wazee wengi hukadiria kwa umbali kuliko kwa mbio. Pikipiki, kwa wembamba wake, huwahadaa hata vijana.

Nilipokwenda kwa jamaa zangu Iringa nalikuta kijana aitwaye mkaidi, wengine wakisema amepagawa, kwa kuwa husimama katikati ya barabara ya Ipogolo. Kumbe ana skizofrenia, ugonjwa ufanyao mtu asikie sauti zisizokuwapo. Tangu mwaka 1908, Diefendorf na Dodge wa Marekani waliandika kwamba macho ya wagonjwa hawa yakifuata kitu kiendacho huchelewa, kisha huruka kukifikia. Baadaye ikaonekana kuwa wengi wao hupata taabu kutenga mbio mbili zinazokaribiana. Dawa alizopewa Mirembe, Dodoma, zimezituliza zile sauti. Kuvuka bado huvushwa na nduguye.

Ajabu nyingine ni hii. Mwaka 2005 watafiti wa Kanada waliona wazee wakitambua mwendo wa michoro mipana, iliyo wazi, upesi kuliko vijana. Mwaka 2006 jambo kama hilo likaonekana Marekani kwa baadhi ya wenye skizofrenia. Wasema ubongo wa kijana mzima huuzuia mwendo wa vitu vipana ili kile kidogo kijitokeze, na kwa hao kizuizi hulegea. Nikikumbuka Uyole siku ya soko, watu na matoroli kila upande, simstaajabii tena yule mama.

Mwanawe nalimweleza haya barazani kwangu. Alinyamaza kitambo. Juzi nimewaona pale pale, amemshika mkono, lori linakuja polepole kutoka mzani. Mama akataka kuvuka. "Bado, Mama," akamwambia, nao wakangoja hata likapita.