Tabia ya Mkulima na Mafundisho ya Kilimo

Mara nyingi huku Kalemie twasikia mwalimu wa kilimo akinung'unika: «Watu hawa wana kichwa kigumu. Nimewafundisha kupanda kwa mistari, nimewapa vijiti vya muhogo wa mbegu mpya, nao wamerudia desturi yao ya zamani.» Je, neno hilo ni la haki? Sisi tunaokaa na watu vijijini, yatupasa kulichunguza kabla ya kulikubali.

Watu wote hawapokei fundisho kwa namna moja, maana tabia zao ni mbalimbali. Wenye elimu ya nafsi hutaja hasa tano: kupenda mambo mapya, bidii yenye utaratibu, uchangamfu, upole, na wepesi wa kuhangaika. Kila mtu anazo zote, lakini kwa vipimo mbalimbali. Apendaye mapya huanza upesi. Akikosa utaratibu, ataliacha shamba kabla ya palizi ya pili. Mwenye utaratibu huchelewa, lakini akianza hufika mwisho. Mchangamfu huwaeleza majirani. Mpole huitikia «ndiyo» kwa heshima tu, kisha hafanyi neno. Mwenye kuhangaika huuliza: «Mvua ikikosekana, watoto watakula nini?»

Swali hilo si ujinga. Mwenye akiba akipoteza mahindi ya msimu mmoja, atanunua mengine. Mjane mwenye kishamba kimoja, akikosea, njaa inaingia nyumbani mwake. Basi tunachokiita woga pengine ni hesabu ya maskini. Tena kuna kumbukumbu. Tangu 1917 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyaamuru, hata siku 60 kwa mwaka. Asiyetii alitozwa faini au kufungwa. Kule Kongolo pamba ililimwa kwa njia hiyo. Tusistaajabu basi wazee wakimwona mwalimu wa kilimo kuwa mwenye kuleta amri.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Iowa, katika Marekani, wataalamu Ryan na Gross waliwauliza wakulima 259 habari za mbegu mpya ya mahindi, wakatangaza matokeo mwaka 1943. Mbegu ile ilizaa kuliko ya zamani, hata hivyo wengi walikawia miaka mingi. Hata waliotangulia walianza na sehemu ndogo ya shamba. Wengi waliisikia kwanza kwa wauzaji, lakini waliosadikishwa zaidi walisadikishwa na majirani. Kufika 1941, wote ila 2 walikuwa wameipanda.

Mwalimu afanye nini? Aige mashamba-shule, yaliyoanza Indonesia mwaka 1989, yakafika Kenya mwaka 1995, na leo yako hata katika provensi yetu ya Tanganyika. Wakulima hukutana mara kwa mara katika shamba moja la kikundi. Upande mmoja hupanda kwa desturi yao, upande wa pili kwa njia mpya. Wenyewe hupima na kuhukumu. Hapo apendaye mapya hujaribu, mwenye utaratibu huandika vipimo, mchangamfu hutangaza habari, mpole hupatanisha wenye kubishana. Naye mwenye kuhangaika huona kwa macho yake, wala chakula cha watoto wake hakikuwekwa hatarini.

Kwa hiyo, ndugu katekista, mtu akikataa fundisho, usiseme mara moja: «Mvivu huyu.» Nenda shambani kwake, umwulize anaogopa nini. Huenda jibu lake litakufundisha wewe.