Marahaba Ilibaki, Maji Yakapotea

Mtu anaweza kupigwa na kiharusi akashindwa kutamka neno "maji", na jioni hiyohiyo akaimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani bila kuruka hata silabi. Nimeliona kwa macho yangu. Nafundisha kwaya katika usharika mmoja wa Moshi. Mzee wetu wa sauti ya nne aliporudi kutoka hospitali, mkono wa kulia umelala na usemi umekatika, tulikwenda kumwona baada ya mazoezi. Vijana wakamwamkia: "Shikamoo, babu." Akajibu "Marahaba" kwa sauti ileile nzito. Tukafurahi. Mkewe akatikisa kichwa: "Hiyo anaijibu, wanangu. Lakini tangu asubuhi anataka kitu na hawezi kukitaja." Tukaimba, naye akaimba, kila noti ya besi mahali pake. Wimbo ulipokwisha alifungua kinywa atushukuru, hakikutoka kitu.

Majirani walisema mengi. Baadhi yao walidhani anajisingizia, kwamba mtu anayeweza kuimba hawezi kushindwa kuomba uji. Dhana hiyo inaumiza, na ni ya uongo.

Kwa watu walio wengi, kazi ya kuunda maneno hufanywa hasa na upande wa kushoto wa ubongo. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alikutana na mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kusema zaidi ya silabi moja, "tan". Mgonjwa alipofariki, Broca alikuta jeraha sehemu ya mbele ya upande huo. Kiharusi kikiharibu hapo, mgonjwa huelewa mengi anayoambiwa na hujua anachotaka, ila njia ya kulitoa neno imekatika. Waganga huiita hali hii afasia. Akili yake ipo. Msimjadili mbele yake kana kwamba ameondoka chumbani.

Mara nyingi husalia yale ambayo ulimi umeyazoea mno: salamu, kuhesabu moja mpaka kumi, siku za juma, sala, nyimbo. Hayo hayaundwi upya kila yanaposemwa, na sehemu nyingine za ubongo, upande wa kulia ukiwamo, huyabeba. "Marahaba" ya mzee wetu ilitoka huko. "Maji" ni neno fupi zaidi, lakini kulitamka kwa sababu una kiu ni kutunga jambo jipya.

Kwaya nyingi huishia kwenye kuimba na mgonjwa, kisha huaga. Ni faraja kubwa, wala siidharau. Lakini hakuna ubeti unaoomba maji. Mwaka 1973 Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm, waliokuwa wakifanya kazi Boston, Marekani, walichapisha njia ya kuvuka kutoka wimbo hadi usemi. Hawakumfundisha mgonjwa nyimbo alizozijua. Walichukua sentensi fupi za nyumbani wakazipa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, ile ya juu ikiangukia silabi yenye mkazo. Mtaalamu hugonga polepole mkono wa kushoto wa mgonjwa, pigo moja kwa kila silabi. Huanza kwa kuivumisha tuni mdomo ukiwa umefumbwa, kisha wote wawili huimba pamoja, kisha mtaalamu hunyamaza katikati na kumwachia mgonjwa amalizie. Baadaye mgonjwa huirudia peke yake, halafu huitumia kujibu swali. Mwishowe tuni huondolewa kidogokidogo mpaka yabaki mazungumzo ya kawaida.

Mwalimu wa kwaya akisoma hayo husikia so na mi, kwa kuwa umbali kati ya sauti hizo mbili, ya juu na ya chini, unakaribia ule wa so na mi. Na hapa Kiswahili kinatubeba, maana mkazo wetu karibu daima uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Nataka maji: na chini, ta juu, ka chini, ma juu, ji chini. Nipe dawa: ni juu, pe chini, da juu, wa chini. Sijaona haja ya kutunga lolote. Lugha yenyewe imekwisha kutunga. Sentensi za mzee wetu alizichagua mkewe, maana ndiye ajuaye kinachomliza mumewe: nataka maji, nipeleke chooni, na jina la mjukuu.

Njia hii ilimsaidia Gabrielle Giffords, aliyekuwa mbunge wa Marekani alipopigwa risasi kichwani Januari 2011 na kuumia upande wa kushoto wa ubongo. Hata hivyo, wataalamu bado wanabishana ni nini hasa kinachofanya kazi. Mwaka huohuo Benjamin Stahl na wenzake wa Ujerumani, baada ya kuwachunguza wagonjwa 17, walieleza kwamba mdundo na mazoea ya maneno vilisaidia kuliko tuni yenyewe. Mimi sishangai. Wanakwaya wapya hushika mapigo kabla ya noti, na mkono unaogonga ndio nisingeuacha kamwe.

Hata kusikiliza tu kuna faida. Huko Helsinki, Teppo Särkämö na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti wa wagonjwa wa kiharusi waliosikiliza kila siku, kwa miezi miwili, muziki walioupenda wenyewe. Kumbukumbu yao ya maneno na umakini vilirudi vizuri zaidi kuliko kwa waliosikiliza vitabu vilivyorekodiwa au wasiopewa chochote. Muziki walioupenda wenyewe: kama baba ni mtu wa taarabu, mwekeeni taarabu, hata kama nyumba nzima ni ya kwaya.

Lakini rekodi za sauti zinazouzwa kwenye simu kwa madai kwamba zinatibu kila ugonjwa, ziacheni. Na uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, kimbizeni mgonjwa hospitali, mkikumbuka saa ilipoanza. Baadhi ya dawa za kuyeyusha damu iliyoganda hufaa katika saa chache za mwanzo tu.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini, na mazoezi haya yanataka kurudiwa karibu kila siku kwa majuma mengi. Kwaya zina watu, zina masikio, zina jioni. Walimu wenzangu, mwanakwaya wenu akipatwa, nendeni na familia yake kwa mtaalamu mkamwulize: wiki hii tumfundishe sentensi gani, na kwa mapigo mangapi?