Plastiki ya Bluu Haizuii Kitu

Jumamosi, kwenye kibanda cha fundi hapa Kangemi, mama mmoja alinionyesha TV yake ya mgongo: kitambaa cha kushona juu, plastiki ya bluu mbele. "Mwalimu, hii si inazuia eksirei isiwafikie watoto?" Ni mara ya tatu mwezi huu naulizwa. Haizuii, mama.

Eksirei huzuiwa na atomi nzito. Plastiki ni kaboni na haidrojeni, nyepesi kabisa. Kazi ilishafanywa na kioo chenyewe, ndiyo maana TV hiyo ilikuja imebebwa na watu wawili. Kioo cha mbele ni kinene na kina beriamu na strontiamu. Risasi haijazwi hapo kwa sababu kioo chake hugeuka rangi ya kahawia kikipigwa na elektroni muda mrefu. Risasi iko nyuma, kwenye mgongo: karibu robo ya kioo hicho ni oksaidi ya risasi.

Hofu yenyewe haikuzuka hewani. Mwaka wa 1967, huko Marekani, General Electric ilikiri kwamba TV zake nyingi za rangi zilivujisha eksirei kupita kiasi. Zilivuja wapi? Kwenye valvu ya kudhibiti volti, zikaelekea chini sakafuni. Hata paka aliyelala chini ya meza asingeokolewa na plastiki ya mbele! Na valvu hizo ziliondoka transista zilipoingia.

Kama ni lazima mtu aogope, amwogope fundi wa njia ya mkato. TV inawaka sekunde mbili, inazima. Mara nyingine kapasita imechoka, volti imepanda, na sakiti ya ulinzi imeikata kusudi. Fundi anakata waya wa sakiti hiyo, picha inarudi, analipwa. Sasa kioo kilichopimwa kwa volti za kawaida kinabebeshwa zaidi, na eksirei huongezeka haraka kuliko volti zenyewe.

Basi: dai kapasita mpya, waya usiguswe. TV ikizimwa haitoi eksirei hata chembe. Kitambaa kisizibe matundu ya hewa. Ikifa, usiwaachie vijana waipasue kutafuta kopa, kioo kinaweza kulipuka na vumbi lake lina risasi. Nairobi kuna WEEE Centre, ipelekwe huko nzima.

Mama aliivua plastiki, akauliza kama inafaa kufunika meza. Hapo sawa.