Mizizi Nayo Hupumua

Mvua kubwa ikinyesha siku nyingi, maji hujaa bondeni. Mkulima amepanda maharagwe huko. Siku ya kwanza majani yake ni mabichi bado. Baada ya siku chache yanageuka manjano, yanalegea na kunyauka. Mkulima anang'oa shina moja na kulitazama: mizizi imeoza. Lakini karibu na hapo mpunga umesimama katika maji yale yale, nao unastawi. Kwa nini maharagwe yamekufa, na mpunga unaishi?

Watu wengi watajibu: "Maharagwe yameuawa na maji mengi." Jibu hilo halitoshi. Kilichoua maharagwe ni kukosa hewa.

1. Mizizi inataka hewa

Kila mtu anajua ya kuwa mizizi hunywa maji na kufyonza chakula cha mmea. Lakini mizizi hupumua pia. Ndani ya hewa mna kitu kiitwacho oksijeni. Mtu huivuta kwa mapafu, samaki huipata majini kwa mashavu yake, na mzizi huipata kwa ngozi yake nyembamba. Udongo mzuri una vitundu vingi, na hewa hupita humo. Maji yakijaza vitundu hivyo, hewa hutoka, nao mzizi hukosa pumzi.

Mpunga una dawa yake. Ndani ya mabua na mizizi yake mna mifereji midogo. Hewa huingia kwa majani, hushuka kwa mifereji hiyo, hufika mizizini. Maharagwe hayana mifereji ya kutosha.

2. Bustani isiyo na udongo

Kuna watu wanaolima mboga ndani ya maji tu. Mwaka 1860, Julius von Sachs, mtaalamu wa Ujerumani, alionyesha kwamba mmea waweza kukua katika maji yenye chumvi za mbolea, bila udongo hata kidogo. Mwaka 1929, William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, katika nchi ya Marekani, alianza kuitangaza njia hiyo kwa wakulima. Nyanya zake zilipanda juu kupita mita 7. Lakini Gericke hakuizamisha mizizi yote. Alitandika wavu wa waya juu ya birika, akaacha nafasi ya hewa kati ya wavu na maji.

Siku hizi watu hutumia ndoo au pipa lenye kifuniko. Kifuniko kina tundu, na katika tundu hukaa kikopo chenye matundu mengi. Mche wa saladi hupandwa katika kikopo hicho, na mizizi yake huning'inia majini. Majini hutiwa mbolea inayoyeyuka kabisa. Samadi haifai hapo, kwa sababu huoza na kumaliza oksijeni.

3. Maji yana hewa kidogo

Lita moja ya hewa ina miligramu 280 hivi za oksijeni. Lita moja ya maji yenye joto la digrii 20 haiwezi kushika zaidi ya miligramu 9 hivi. Tena, katika maji yaliyotulia oksijeni hutembea polepole sana. Mizizi huimaliza ile iliyo karibu, na nyingine huchelewa kufika.

Kwa hiyo wakulima hutia pampu ndogo ya umeme. Pampu husukuma hewa katika mpira mwembamba mpaka kwenye jiwe lenye vitundu lililo chini ya ndoo. Mapovu hupanda na kuyatikisa maji. Umeme ukikatika, mkulima hodari hangoji. Huchota maji kwa chombo safi na kuyamwaga tena toka juu, mara nyingi, ili yachanganyike na hewa.

4. Joto na mwanga

Maji yakipata joto, taabu huwa mbili. Kwanza, maji ya moto hushika oksijeni kidogo zaidi: kwenye digrii 30 ni miligramu 7 na nusu tu. Pili, mizizi iliyo katika joto hupumua kwa haraka, hutaka oksijeni nyingi zaidi. Mahitaji yanaongezeka, akiba inapungua. Ndiyo maana ndoo huwekwa kivulini, au hufunikwa kwa kitambaa cheupe, na majani peke yake hupata jua.

Mwanga nao usiingie majini. Ukiingia, uchafu wa kijani huota humo. Usiku uchafu huo hupumua na kuiibia mizizi oksijeni. Ukifa, huoza. Ndoo inayopitisha mwanga hufaa kupakwa rangi nzito au kufungwa vizuri.

5. Dalili za ugonjwa

Mzizi mzima ni mweupe, ni mgumu kidogo, wala hauna harufu mbaya. Mzizi mgonjwa ni wa rangi ya udongo, ni laini, una utelezi, tena unanuka. Ukiuvuta kidogo, ngozi yake huvuka na kubaki uzi mwembamba. Mara nyingine mbolea huugeuza mzizi rangi, na mzizi ni mzima bado. Kwa hiyo usitazame tu: gusa, kisha nusa.

Katika maji ya moto yasiyo na hewa huja adui aitwaye Pythium. Ni kiumbe kidogo sana, hakionekani kwa macho. Kinakaa katika udongo na katika maji ya mabwawa. Kikikuta mizizi dhaifu, huiozesha upesi.

Majani nayo huonya. Mchana yanalegea kama kwamba mmea una kiu, na huku ndoo imejaa maji. Mzizi uliokosa pumzi hauna nguvu ya kunywa. Mmea unakufa kwa kiu katikati ya maji!

6. Kosa la mwenye huruma

Kuna namna nyingine isiyotaka pampu. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliieleza tangu miaka ya 1990. Mwanzoni maji hujazwa mpaka kugusa kikopo. Mmea ukinywa, maji hushuka kidogo kidogo, na juu yake panabaki nafasi yenye hewa na unyevu. Mizizi ya juu hupumua humo. Mizizi ya chini huendelea kunywa.

Hapo wengi hukosa. Mtu anafungua ndoo, anaona maji yamepungua nusu. Anauhurumia mmea, anaijaza ndoo mpaka juu. Kumbe, ameizamisha mizizi iliyozoea hewa! Baada ya siku chache mmea unanyauka. Yeye anadhani una kiu, anaongeza maji tena. Huruma bila maarifa imeua mmea. Maji yakikaribia kwisha, yaongezwe kidogo tu, na nafasi ya hewa ibaki.

7. Usafi

Mmea uliooza mizizi hutolewa mbali na mingine. Maji yake humwagwa, wala hayatiwi katika ndoo nyingine. Mtu mzima huosha ndoo kwa sabuni, kisha kwa maji yaliyotiwa Javel kidogo, huisuuza sana na kuikausha. Mkulima hunawa mikono kabla ya kugusa mizizi, wala hachoti maji ya bwawa.

Mizizi imefichika, wala hailii. Mkulima mwenye akili hafungui ndoo siku majani yanaponyauka tu, bali huitazama mara kwa mara wakati mmea ungali mzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maulizo

1. Kwa nini mpunga huishi katika maji, na maharagwe hufa?
2. Maji ya moto yanaitaabisha mizizi kwa njia gani mbili?
3. Utatambuaje mzizi mzima na mzizi mgonjwa?
4. Yule mtu mwenye huruma alikosa nini?
5. Umeme ukikatika, mkulima afanye nini?