Bila Kuingia Katika Mpango, Hifadhi ya Nyaraka Haipati Fedha

Mfanyakazi wa zamani wa baraza la mji anayefuatilia malipo yake ya uzeeni huulizwa barua ya kuajiriwa. Mjane anayetaka ploti ya marehemu mumewe iandikwe kwa jina lake huulizwa barua ya ugawaji na stakabadhi za kodi. Nakala ya nyumbani ikiwa imepotea au kuliwa na mchwa, tegemeo hubaki faili iliyo serikalini. Nayo isipoonekana, haki ya mwananchi hukwama.

Ndiyo maana hifadhi ya nyaraka ni huduma ya umma, sawa na zahanati au soko. Serikali za Kaunti za Migori na Homa Bay zilipoanza kazi mwaka wa 2013, zilichukua nafasi ya mabaraza ya serikali za mitaa, yakiwemo ya Migori, Rongo, Awendo, Kehancha, Homa Bay, Oyugis na Kendu Bay. Baraza la aina hiyo liliacha kumbukumbu za mikutano, rejista za ploti, michoro na majalada ya wafanyakazi. Nyaraka za zamani zaidi, za enzi ambapo eneo hili lilikuwa sehemu ya wilaya ya South Kavirondo iliyotawaliwa kutoka Kisii, husomwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa jijini Nairobi.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, na itunze kumbukumbu zake kwa mpangilio unaowezesha habari kupatikana. Aidha, Sheria ya Nyaraka za Umma ya mwaka wa 1965 inazuia nyaraka za umma kuharibiwa kiholela. Kwa hiyo, ofisi inayohama haina ruhusa ya kuchoma faili kwa sababu tu chumba kimejaa.

Fedha hutoka wapi?

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mfumo wa mipango. Mfumo huo huanzia kwenye Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti, ambao ni wa miaka mitano. Mpango wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mradi wa hifadhi usipokuwa ndani yake, njia iliyopo ni kurekebisha mpango huo au kuusubiri ule unaofuata.

Baada ya hapo, mradi hufuata kalenda ya bajeti. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa Mkakati wa Fedha hufuata kufikia Februari 28, ukiweka kiwango cha fedha cha kila idara. Makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Anayetoa ombi mwezi wa Juni huwa amechelewa, kwani viwango vya idara vimekwisha kuwekwa.

Nini kitangulie?

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi: kuhesabu nyaraka zilizopo, kuandika zilipo na hali yake, na kutenganisha za kutunzwa daima na zile ambazo muda wake umekwisha. Hatua ya pili ni chumba kikavu, kisichovuja wala kuingiliwa na mchwa, chenye rafu za chuma na vifaa vya kuzima moto. Miji iliyo kando ya Ziwa Victoria ina sababu zaidi ya kujihadhari na unyevunyevu. Kunakili kwa kompyuta kuje baadaye, kwa sababu faili ambazo hazijapangwa zikinakiliwa, vurugu ya kabatini huhamia kwenye kompyuta.

Jengo na rafu hulipiwa kutoka fungu la maendeleo, ambalo kisheria halipaswi kupungua asilimia 30 ya bajeti ya kaunti katika kipindi cha kati. Mishahara ya maafisa wa nyaraka, umeme na ukarabati hutoka fungu la matumizi ya kawaida. Mafungu yote mawili yapangwe pamoja, la sivyo jengo litafunguliwa na kubaki bila mtunzaji.

Mwananchi afanye nini?

Kila kaunti kati ya hizi mbili ina wadi 40, na wakazi wa kila wadi wana haki ya kushiriki katika mipango na bajeti. Wakazi wanahimizwa kuhudhuria vikao vya umma vinapotangazwa, au kuwasilisha maoni kwa maandishi, wakiuliza mambo matatu: nyaraka za baraza la zamani ziko wapi, nani anazitunza, na kiasi gani kimetengwa kwa kazi hiyo. Anayewasilisha maoni hayo abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.