Sawazisha Lupango Yako Mbele ya Mvua



Unajua vizuri namna mambo inakwenda mwezi wa Novemba. Mvua kubwa ya kwanza inanyesha usiku. Asubuhi unafungua mlango: ziwa dogo limekaa kando ya ukuta, na watoto wanacheza mule miguu mitupu. Mwaka uliopita mulipanda majani ndani ya lupango. Leo mahali pa chini yameoza kwa maji, na mahali palipoinuka yamekauka. Mama anasema: «Baba, hii majani yenu ilikuwa kazi ya bure!»

Hapana, mama. Majani hayana kosa. Kosa ni kwamba udongo haukusawazishwa mbele ya kupanda.

Mambo hii si ya uzuri wa macho tu. Maji yanayosimama kando ya nyumba yanakula msingi, na kama ukuta ni wa matofali mabichi, unaweza kuanguka. Maji yakikaa juma moja ao zaidi, mbu wa malaria wanazaa mule. Na mahali pasipo majani, kiangazi kinaleta vumbi, na watoto wetu wanakula vumbi lile kwa mikono yao.

KWA NINI RATO HAITOSHI

Kijana mmoja atasema: «Ya nini kuhangaika? Rato iko!» Rato ni nzuri kwa kuokota mawe na mizizi. Lakini rato ni fupi. Inapanda pamoja na kilima na kushuka pamoja na shimo. Ukimaliza, lupango inaonekana safi, lakini vilima na mashimo vingali pale pale.

Chombo kirefu kinafanya namna ingine. Kinalala juu ya vilima viwili kwa mara moja, hakiingii ndani ya shimo. Kinakata palipo juu na kuacha udongo palipo chini. Siri yote ni urefu ule, na unaweza kukiunda wewe mwenyewe kwa mbao za paleti ya zamani.

VITU VYA KUTAFUTA

1. Mbao 2 nzito, zilizonyooka, za urefu wa metre 1,20 mpaka 1,50.
2. Mbao 3 fupi za cm 40.
3. Misumari, nyundo na msumeno.
4. Kamba ngumu ya metre 4.
5. Jiwe la kilo 10 hivi.
6. Kama unapata, kipande cha chuma chembamba, urefu sawa na mbao ndefu.

NAMNA YA KUUNDA

Simamisha mbao mbili ndefu juu ya upande wao mwembamba, kama kuta mbili zinazotazamana, na nafasi ya cm 40 katikati. Zifunge kwa mbao tatu fupi: moja kila mwisho, moja katikati. Sasa una kitu kinachofanana na ngazi pana. Pigilia chuma kwenye ukingo wa chini wa mbao ya mbele, hiyo ndiyo itakata. Tobosha mbao ya mbele pande zote mbili, pitisha kamba, na uiache ndefu ili kuvuta bila kuinama sana. Angalia chini: msumari wowote uliotokeza, ukunje. Watoto wanapita pale bila viatu.

KWANZA, MAJI YATAENDA WAPI?

Kusawazisha si kufanya lupango kuwa kama meza. Udongo unapashwa kushuka kidogo kidogo kutoka nyumba: cm 2 kwa kila metre inatosha. Kwa metre 5, ni cm 10.

Kama huna nivo ya waashi, chukua tiyo ya plastiki inayoonyesha maji ndani. Simika kijiti kimoja kando ya ukuta na kingine metre 5 mbele. Jaza tiyo maji, ondoa mapovu yote, kisha shika mwisho mmoja kwenye kila kijiti. Maji yakitulia, yanasimama kimo kimoja pande zote mbili. Tia alama. Kwenye kijiti cha nyumba funga kamba juu ya alama. Kwenye kijiti cha mbele shuka cm 10 chini ya alama, na ufunge pale. Kamba hiyo ndiyo njia ya maji. Kata fimbo moja, na kwa fimbo hiyo upime kutoka kamba mpaka udongo: kipimo kiwe kile kile kila mahali.

Lakini angalia: maji yaende kwenye mfereji, si kwa jirani. Mutu anayekausha lupango yake kwa kujaza ya mwenzake hajajenga kitu.

KAZI YENYEWE

Fanya kazi hii mwisho wa kiangazi. Kwanza toa udongo mweusi wa juu, uweke kando: ndio chakula cha majani. Wengi wanauzika chini, na kisha wanashangaa majani hayakomai. Vunja vilima vikubwa kwa jembe, jaza mashimo makubwa, kisha rudisha udongo mweusi juu.

Nyunyiza maji kidogo: udongo uwe na ubaridi, usiwe matope. Weka jiwe juu ya chombo na uvute. Pita kwanza kwa urefu wa lupango, kisha kwa upana, kisha kwa pembeni. Udongo ukijaa katikati ya mbao mbili, usiuondoe: unangoja shimo linalofuata. Mahali ambapo mwanga unaonekana chini ya mbao, pale pangali chini, ongeza udongo.

Ukimaliza, kanyaga pote kwa miguu, ao wafanye watoto waruke juu ya ubao. Mwaga ndoo moja ya maji kando ya ukuta na uyafuate kwa macho. Yakisimama, vuta tena. Kandokando ya baraza acha udongo cm 3 chini ya simenti, sababu majani yatainuka.

ANGALISHO KWETU SISI WA MIGODI

Usijaze mashimo kwa mabaki ya kiwanda ao kwa udongo uliotoka kwenye shimo la madini. Kweli ni wa bure na uko karibu, lakini una shaba, kobalti na vingine vinavyoua majani na kudhuru watu. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika Kasulo, Kolwezi, mahali watu walipochimba katikati ya nyumba: vumbi lilikuwa na kobalti nyingi, na watoto ndio walioonekana nayo mingi zaidi mwilini.

Kama mtaa wako uko karibu na kiwanda cha kuyeyusha, usikate tamaa. Mwaka 2010 watafiti wa hapa Katanga pamoja na wenzao walitangaza majaribio ya kupanda majani matatu ya kienyeji juu ya udongo uliochafuliwa na shaba, wakitia chokaa na mbolea ya takataka za mimea. Kwa hiyo changanya mbolea nyingi ndani ya udongo wa juu. Na siku ya kazi, vumbi lisiinuke: nyunyiza maji, na munawe mikono mbele ya kula.

KUPANDA

Mvua ikianza kweli, panda vipande vya paspalum vyenye mizizi, cm 15 mpaka 20 kati yao. Hauna haja ya kununua: jirani akipunguza yake, umuombe. Palilia mpaka vipande vigusane.

Vijana, chombo kimoja kinatosha barabara nzima. Kiundeni Jumamosi moja, muanze kwa lupango ya mjane ao ya muzee asiyeweza kuvuta. Mvua haingoji mutu, na ukuta wake ndio ulio karibu kuanguka.